Fundi Hakukosea Kibla

Mimi ni mwalimu mstaafu, na mwalimu mstaafu hana likizo. Kwetu ikitakiwa barua natafutwa mimi: barua ya posa, ya rambirambi, ya kuwalalamikia watu wa maji. Huwa nanung'unika, lakini wakinipita wakaenda kwa mwengine naona vibaya zaidi. Kwa hiyo mwenyekiti wa kamati ya msikiti alipopanda ngazi zangu za Mji Mkongwe na bahasha kwapani, nilijua kazi imekuja, nikamwekea kahawa na kashata.

Mwenyekiti huyu nilimsomesha darasa la tano. Leo ana mvi na duka la vifaa vya umeme, lakini mbele yangu bado hukaa ukingoni mwa kiti, tayari kuondoka.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Haya, toa hicho ulichokibana."

Alinieleza kwamba msikiti wa kijijini kwetu umepata mfadhili. Kijiji chenyewe kiko juu ya Mtoni, ukiiacha barabara ya Bububu na kushika njia ya kwendea Kidichi. Huko ndiko nilikozaliwa, na ingawa niliolewa mjini na nimezeekea mjini, Ijumaa zangu zote ni za huko. Mfadhili alikuwa tayari kuubomoa msikiti wetu na kujenga mpya, wenye sehemu ya wanawake yenye heshima, si kile kibanda cha mabati tunachoswalia sisi kwa nyuma. Alichotaka kwanza ni barua ya maombi na historia fupi ya msikiti: nani aliujenga, na kwa nini unahitaji kujengwa tena. Kamati ilishaandika rasimu. Mimi nilitakiwa niipige pasi tu.

Nikavaa miwani, nikasoma. Katikati ya ukurasa palikuwa na sentensi hii: "Kutokana na makosa ya fundi wa kwanza, msikiti ulijengwa nje ya kibla, na waumini wanalazimika kuswali mshazari mpaka leo."

Nikaisoma mara ya pili, maana ualimu umenifunza kuwa mtu husoma anachokiogopa badala ya kilichoandikwa. Ilikuwa imeandikwa kweli.

"Fundi wa kwanza ni nani?" nikamuuliza.

Akaangalia kahawa yake. "Mwalimu, hatukutaja jina."

"Hamkutaja kwa sababu kila mtu anajua. Ni baba yangu."

"Ni historia tu, Mwalimu. Hatumkashifu mtu. Lakini safu zilivyo, si kila mtu anaona?"

Hilo la kuonekana ni kweli. Ukiingia msikitini kwetu jicho linashtuka. Ukuta unakwenda kwake na safu za watu zinakwenda kwao. Ukisimama sambamba na ukuta wa mbele umekosa kibla, kwa hiyo watu hugeukia kulia kidogo, mikeka ikatandikwa mshazari, na kila kona ikabaki na pembetatu ya sakafu isiyoswaliwa, panapowekwa majuzuu yaliyochanika na feni mbovu. Mihrabu nayo imekaa kiupande ndani ya ukuta, kama mtu aliyegeuka kuitikia anapoitwa.

Vijiji vya jirani vilitupa jina, wakatuita watu wa mshazari. Timu yetu ikikosa goli, watu wa upande wa pili walikuwa wakipiga kelele kwamba mpira ule kaupiga fundi wa msikiti. Baba alikuwa akikaa pale pale ukingoni mwa uwanja, anasikia, anatafuna tambuu yake.

Na mimi pia nilimtia kidonda. Nilikuwa mwanafunzi wa chuo cha ualimu, nimerudi nyumbani na kichwa kimejaa jiografia. Siku moja tunakula, nikamuuliza mbele ya wageni, "Hivi baba, siku unajenga msikiti hukuwa hata na dira?"

Hakukasirika. Akaniuliza, "Watu wakiswali wanaelekea wapi?"

"Kibla."

"Basi," akasema, akaendelea kula.

Wageni walicheka, na mimi nikacheka nao. Alifariki kabla sijamwomba radhi kwa kicheko kile. Kinaniuma mpaka leo, na sioni haya kusema kwamba kilikuwa nusu ya ukaidi wangu katika haya ninayoyaeleza.

"Niachie karatasi," nikamwambia mwenyekiti. "Historia nitaiandika mie. Lakini sentensi hiyo sitoipiga pasi, nitaifuta."

"Ukishaifuta utaandika nini, Mwalimu? Ukuta umekwenda upande, na aloujenga ni yeye."

"Na hilo la kwamba kaujenga yeye, nani kakwambia?"

Nilisema kwa hasira tu. Sikuwa nikijua lolote.

*

Kwamba pale palikuwa na kanisa haikuwa siri. Kila aliyezidi umri wangu kijijini anajua, ila halizungumzwi. Tulivyoambiwa utotoni ni kwamba Wakristo walikuwa wachache, wakahamia mjini, kanisa likaanguka lenyewe, kiwanja kikauzwa, baba akaitwa kujenga msikiti. Hadithi ikaishia hapo. Hakuna aliyeuliza mawe ya kanisa yalikwenda wapi, na mimi, niliyewafundisha watoto wa watu kuuliza maswali miaka thelathini na kitu, sikuuliza pia.

Ijumaa iliyofuata nilifika mapema, kabla watu hawajaanza kuja. Ilikuwa masika, na mvua ilikuwa imebandua lipu upande wa nyuma, pale kibanda chetu cha wanawake kinapoungana na msikiti. Nikajifunga kibwebwe, nikavuta mkeka, nikapiga magoti kuangalia mawe.

Nimekua nikimwangalia baba akifanya kazi, kwa hiyo mkono wake naujua. Jiwe kubwa kwake halikai peke yake. Lazima alishindilie vijiwe vitatu vinne pembeni mpaka liwe halichezi, kisha ndipo atie chokaa. Mafundi wenzake walimcheka, wakamwambia anajenga kama anayeziba meno. Basi, nikitazama ukuta ule kutoka juu, kuanzia usawa wa kichwa changu nikisimama mpaka darini, vijiwe viko kila mahali. Chini ya hapo hamna hata kimoja. Mawe ya chini yamechongwa mraba, yamepangwa kwa mstari, chokaa yake nyekundu nyekundu, imechanganywa na udongo mwengine kabisa.

Mikono miwili ilijenga ukuta ule, na wa baba ulikuwa wa pili.

Nikakaa chini kwenye mkeka. Ikiwa kuta hizi alizikuta, basi upande zinaoelekea aliukuta pia. Lakini kwa nini asizibomoe? Fundi anayepewa kiwanja kujenga msikiti, akakuta kuta zimekaa vingine, angezisukuma zikaanguka asubuhi moja na kuanza upya. Na ikiwa alikuwa na sababu, kwa nini alikubali kuchekwa maisha yake yote?

Mtu wa kumuuliza nilikuwa naye jirani, na hilo ndilo linalonitia aibu zaidi. Nyuma ya nyumba yangu mjini anaishi bibi wa Kikristo aliyezidi miaka themanini. Ramadhani humpelekea futari, Krismasi huniletea keki, tumekwenda hivyo miaka mingi. Nilikuwa najua kwamba alizaliwa kijijini kwetu na kwamba watu wake walihama yeye akiwa msichana. Nilijua tu, kama mtu anavyojua bei ya sukari.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Leo si Ramadhani wala si Krismasi. Umekuja na lako."

Nikamweleza lote: rasimu, sentensi, ukuta, vijiwe. Alinisikiliza huku amefumba macho, nikadhani amelala. Kisha akasema, "Kwa hivyo hakusema. Mpaka kufa hakusema."

"Hakusema nini?"

"Tulibaki nyumba nne," akaanza. "Vijana wote washahamia mjini, kasisi anakuja mara moja kwa mwezi, na paa lishaanguka. Tukawauzia majirani kiwanja kwa hiari yetu, hapakuwa na ugomvi hata siku moja. Kisha siku nyengine akaja baba'ko, peke yake, kavaa kanzu safi, utasema anakuja kuposa. Akakaa na wazee wangu barazani. Akasema, kiwanja mshauza, sina neno nacho. Lakini kuta zile mlizijenga wenyewe, na mie ndo nlopewa kazi ya kuzibomoa. Nimeona nije nikwambieni kwanza."

"Wakamwambia nini?"

"Mama yangu alilia. Akamwambia, mwanangu, ndani fanyeni ibada yenu, Mungu ni huyo huyo mmoja, lakini kuta usizivunje. Wazee wetu walibeba mawe yale kichwani. Baba'ko akasema, hazitovunjwa na mkono wangu, na wala sitomwambia mtu kama mliniomba. Wenzake akawambia mawe bado mazima, akayapandishia juu, akapaka lipu, na watu wakasahau."

"Na kwa nini asiseme? Angesema, watu wasingemcheka."

Bibi akafumbua macho. "Angesema, wangemwambia kanisa la mama'ke limemshika mkono."

"Mama yake nani?"

"Mama'ke yeye. Bibi'yo mzaa baba. Kabatizwa mle, mwanangu, yeye na ndugu zake wote. Kasilimu alipoolewa. Hukuambiwa?"

Sikuambiwa. Bibi yangu namkumbuka kwa buibui lake jeusi na tasbihi yake ya mbegu, mkali wa swala kuliko imamu. Nilijua wazee wake walitoka bara, kama wazee wa nusu ya kijiji. Lakini hili hakuna aliyenitamkia. Kwanza nilishtuka, kisha nikakasirika na marehemu wote kwa pamoja, kisha, nikiwa nimekaa pale kwenye kiti cha plastiki cha jirani yangu, nikamwonea baba fahari ambayo sikuwahi kumwonea alipokuwa hai. Alikubali aitwe fundi mbovu ili mama yake asisemwe.

Nikamuuliza bibi kwa nini kuta zenyewe zilikaa upande ule.

"Upande gani? Zimekaa sawa," akanijibu, kidogo amechukia. "Wazee walitaka kichwa cha kanisa kielekee jua linapochomoza. Msingi wakauweka kipupwe, wakafuata jua la kipupwe. Kila mwaka baridi ikianza, asubuhi jua likiingia dirisha la mbele, likenda moja kwa moja likitokea mlango wa nyuma. Siye watoto tukikaa tunalingoja."

*

Nilimpelekea mwenyekiti habari hizi dukani kwake, amezungukwa na soketi na nyaya. Alinisikiliza kwa adabu, na adabu ya mwanafunzi wa zamani ni ngumu kuisoma.

"Mwalimu, hayo ni maneno ya bibi mmoja," akasema mwisho. "Na bibi mwenyewe wa upande ule."

"Hata bibi yangu mie wa upande ule. Nimejua wiki hii."

Akachukua bisibisi, akairudisha.

"Nipe ushahidi ambao kamati itauona kwa macho," akasema. "Mie nakuamini. Lakini wao watasema Mwalimu anamtetea baba'ke."

"Watapata. Subirini kipupwe."

"Kipupwe! Mfadhili anataka barua mwezi huu."

"Mwambie kwamba mwandishi wa historia bado anafanya utafiti. Watu hao wanalipenda sana neno hilo."

Nilisubiri wiki kadhaa, na maneno hayakusubiri nami. Lisemwalo lipo, walisema, na lililosemwa ni kwamba Mwalimu anataka kuturudisha kanisani. Mtu mmoja alimwuliza mdogo wangu, aliyebaki kijijini, kama nimebadili dini. Mdogo wangu akaja kuniomba niliache jambo hili, akaniambia baba mwenyewe alilinyamazia, mimi ni nani wa kulifukua. Swali lilikuwa zuri na lilininyima usingizi. Lakini nilijijibu hivi: baba alinyamaza ili mama yake asidhurike. Mama yake sasa yuko mahali asipofikiwa na maneno ya watu. Kilichobaki cha kudhurika ni jina lake yeye, katika karatasi itakayowekwa kwenye faili na kusomwa na wajukuu. Hapo sikuona sababu ya kunyamaza.

Baridi ilipoanza nikahamia kwa mdogo wangu kwa muda. Nilikuwa nimemwomba muadhini ahamishe kabati la misahafu, ambalo miaka yote lilikuwa limeziba dirisha la upande wa mashariki. Alihema na kulalamika, lakini alilihamisha, na nyuma yake likatokea dirisha refu lililojaa tandabui. Mlango mkubwa uko upande wa pili kabisa, magharibi. Kati ya viwili hivyo ni urefu wote wa msikiti.

Asubuhi ya kwanza, baada ya swala ya alfajiri, watu wanne wa kamati walibaki wakavuta nyiradi mpaka kuche. Mimi nilisimama nje ya mlango mkubwa, nimejitanda kanga mbili. Kukacha, na wingu limetanda kama blanketi. Hakuna jua. Wakanipita mmoja mmoja wakitoka, wananipa salamu za huruma, na huruma ndiyo iliyoniudhi.

Asubuhi ya pili walibaki wawili. Ikanyesha manyunyu.

Asubuhi ya tatu alibaki mwenyekiti peke yake pamoja na muadhini, na nadhani mwenyekiti alikuja kwa kuniogopa tu. "Mwalimu, leo ndo mwisho," akaniambia mlangoni. "Nna duka."

"Kama leo halikutoka, kesho nitakuja peke yangu. Ingia ndani ukae."

Anga lilikuwa jeupe. Nikaona kupitia dirishani ncha za mikarafuu zinapata rangi, kisha jua likachomoza nyuma yake, na mwanga ukaingia dirishani. Ulikuja chini kwa chini juu ya mikeka, ukapita katikati ya msikiti kwa urefu wake wote, ukavuka kizingiti, ukanifikia miguuni. Kuta mbili ndefu zilibaki kivulini, huku na huku, na mwanga umekwenda kati yake bila kugusa hata mmoja.

Mwenyekiti akainuka. Akaenda mpaka dirishani, akageuka, akaufuata ule mwanga kwa miguu mitupu, hatua baada ya hatua, kama anavyopima waya kabla ya kuukata. Akafika mlangoni nilipo. Akaangalia ukuta, akaangalia mikeka iliyolala mshazari, akaangalia tena ukuta.

"Kuta hizi zililifuata jua," akasema polepole. "Yeye akazikuta, akaja akawapanga watu ndani yake waelekee Makka." Akapangusa uso. "Kumbe fundi hakukosea."

Nililia kwa sauti, mtu mzima mimi, mbele ya mwanafunzi wangu na muadhini. Muadhini akajifanya anatafuta funguo.

*

Ningetosheka na hapo, lakini sikutosheka. Nilipokwisha kufuta machozi nikamuuliza mwenyekiti, "Na kuta? Bado mtazivunja?"

Akashangaa. "Mwalimu, sentensi itafutwa. Si ndo ulotaka?"

"Aliahidi hazitovunjwa."

"Kwa mkono wake. Na mkono wake umeshapumzika. Siye hatukuahidi kitu."

Alikuwa na hoja, na mwanafunzi akiwa na hoja mwalimu huumia kwa namna yake. Nikamwambia aniitie kikao.

Kikao kilikaa baada ya alasiri, wanaume ndani, sisi wanawake kibandani kwetu, pazia kati yetu. Mwenyekiti alieleza alichokiona, na muadhini akathibitisha. Hapakuwa na aliyebisha. Kisha nikasema mimi kutoka nyuma ya pazia. Niliwaambia kwamba kiwanja tulikipata kwa haki, hilo halina shaka, na hakuna anayetudai. Lakini baba yangu aliwaahidi watu kwa niaba yetu, na sisi tumeswali ndani ya ahadi yake umri mzima. Anayesema ahadi haimhusu basi atoke nje akaswali uani.

Nilidhani wanaume ndio watakaonipinga. Kumbe upinzani ulikuwa umekaa ubavuni mwangu.

"Mwalimu, wewe unakuja Ijumaa tu," akasema jirani yangu wa utotoni, mwanamke asiyekosa swala hata moja. "Siye tunanyeshewa humu kila siku. Mara moja tu tumepata mtu wa kutujengea, wewe unatuletea mawe ya wafu."

Wanawake wakaitikia. Mabati juu yetu yalikuwa na matundu, nami nilikuwa nimekaa chini ya mojawapo. Alikuwa akisema kweli. Nikamwambia, "Nyinyi mna haki ya paa. Tuombe hilo. Tuombe watujengee upande wetu hapa nyuma, kwa mawe na dari, na zile kuta zitengenezwe zisivunjwe. Wakikataa, hilo paa mtanidai mie."

"Tutakudai kweli," akasema.

"Nidaini."

Wakakubali kwa shingo upande, wanaume na wanawake. Usiku ule ule sikuandika, niliogopa kuandika kwa furaha. Niliandika keshoye, ukurasa mmoja, na ilipofika mahali pa ile sentensi niliandika hivi:

"Kuta za msikiti huu ni za kanisa lililokuwa mahali hapa. Waliolijenga walitangulia kumwabudu Mungu hapa, wakahama, wakatuuzia kiwanja kwa hiari, wakamwomba fundi asizivunje. Fundi aliahidi na akatimiza, kisha akazipanga safu zetu kuelekea kibla kwa usahihi. Ndiyo sababu ukuta na safu haviendi pamoja. Mama yake fundi alibatizwa ndani ya kuta hizi."

Sentensi ya mwisho nilimsomea mdogo wangu kabla ya kuipeleka. Aliomba nimsomee mara mbili, kisha akasema, "Iache."

Mwenyekiti aliisoma historia ile Ijumaa baada ya swala, kwa kipaza sauti, bila kuruka neno. Yule bibi, jirani yangu wa mjini, nilikuwa nimempelekea nakala yake asubuhi hiyo. Barua ikaenda.

Jibu lilichukua miezi, likaja na mihuri mizuri. Watu wa mfadhili walitushukuru kwa historia yetu ya kuvutia. Walituarifu kwamba wao hujenga misikiti mipya kuanzia msingi, hawatengenezi majengo ya zamani wala hawaungi vipande, na kwamba tukibadili maombi yetu mlango uko wazi.

Mwenyekiti alinionesha barua hiyo uani kwa msikiti, watu wanatoka kuswali Ijumaa. Nilisoma mpaka chini. Nilijua kitakachofuata: ataniambia Mwalimu, tubadili maombi, ni ukurasa mmoja tu. Pembeni yake alisimama yule jirani yangu wa utotoni, amekunja mikono, paa lake liko shingoni mwangu. Nilikuwa nimeshauandaa ukali wangu wote wa miaka thelathini, na chini ya ukali nilikuwa naogopa, maana nilijua wakitaka kubadili sina cha kuwazuia.

Mwenyekiti akaikunja barua mara nne, akaitia mfukoni mwa kanzu.

"Mwalimu," akasema, "ile chokaa alojengea baba'ko, alikuwa akinunua au akichoma mwenyewe?"

"Akichoma mwenyewe."

"Unajua tanuri lake linavyopangwa?"

"Nnajua."

Yule mwanamke akakunjua mikono. "Basi Jumamosi uje utuoneshe, tuichome na tujenge wenyewe," akasema. "Na tunaanza na upande wetu."